Mvua Haikuingia, Lakini Umelowa

Muulize mtu yeyote wa nduthi hapa Kitui kuhusu suti yake ya mvua. Ile ya plastiki, inayokunjwa na kufichwa chini ya kiti hadi mawingu ya Novemba yaanze kujikusanya. Atakwambia maji inazuia, hapo hana noma nayo. Shida ni kwamba akiivaa kutoka mjini hadi Kabati, akiivua shati limemganda mgongoni kama mtu aliyenyeshewa. Na hakuna tone lililopita. Amelowa kwa jasho lake mwenyewe.

Hii shida ina miaka 200. Watu wamejaribu mpira, pamba, plastiki, hadi kemikali ambazo sasa dunia inazipiga marufuku. Na ukifuata hiyo historia vizuri unagundua kitu ambacho sisi hapa Ukambani tunakipuuza: mara nyingi siri haikuwa kwenye malighafi. Ilikuwa kiwandani. Moto kiasi gani, uvute haraka au polepole, uzi ubanwe vipi, hewa iwe na unyevu gani. Kaunti ikitaka kuongelea nguo inaongelea cherehani. Mimi naona tungeongelea kitambaa kwanza.

Turudi 1823, Glasgow. Charles Macintosh anapata hataza ya kitambaa kilichofanywa hivi: chukua mpira, uyeyushe kwa nafta, uupake kati ya vitambaa viwili, ubandike. Maji hayapiti. Ndiyo maana hadi leo Waingereza wengine huita koti la mvua kwa jina lake. Lakini lile koti lilikuwa balaa. Baridi ikizidi linakuwa gumu kama mbao, jua likiwaka linaanza kunata, na harufu yake usiseme. Lilikuja kupona miaka ya 1840, wakati Thomas Hancock kule Uingereza na Charles Goodyear kule Marekani walipopata njia ya kupika mpira pamoja na salfa. Mpira ni ule ule, lakini sasa umepikwa. Hilo ndilo somo la kwanza. Hata hivyo, jasho lilibaki ndani, na suti ya nduthi ya leo ni mjukuu wa Macintosh moja kwa moja, tofauti ni kwamba PVC imechukua nafasi ya mpira.

Sasa hapa ndipo napapenda, kwa sababu ni story ya pamba, na sisi ni watu wa pamba, ama tulikuwa.

Vita vya pili vya dunia. Meli za Uingereza zinapeleka mizigo Urusi kupitia bahari ya kaskazini, maji baridi ajabu. Baadhi ya meli zilibeba ndege moja ya kivita juu yake. Rubani akirushwa, hana uwanja wa kurudi. Akimaliza kazi anaruka baharini na kuomba Mungu aokotwe. Ndani ya maji yale unakufa kwa baridi kwa dakika chache. Walihitaji nguo ambayo rubani anaweza kukaa nayo kwenye kiti cha ndege bila kuchemka, halafu akianguka majini izuie maji.

Watafiti wa Shirley Institute, Manchester, wakaja na kitu kilichoitwa Ventile, na jeshi la anga likaanza kukitumia mwaka 1943. Ni pamba tupu. Hakina mpira wala plastiki. Wazo lake ni rahisi: uzi wa pamba ukinywa maji unavimba. Kama umefuma kitambaa kikiwa kimebanwa vya kutosha, nyuzi zikivimba zinaziba nafasi zilizobaki, na mlango unafungwa. Kikiwa kikavu, nafasi ziko wazi na mwili unapumua. Yaani mvua yenyewe ndiyo inafunga dirisha.

Unaweza kufikiri basi pamba yoyote inatosha. Zii. Ventile ilihitaji pamba ya nyuzi ndefu sana, isokotwe kuwa uzi mwembamba na laini, halafu ifumwe kwa msongamano ambao mashine za kawaida zilikuwa zinakata uzi. Ukilegeza kidogo tu, una shati la kawaida. Ukitumia pamba ya nyuzi fupi, uzi unakuwa na manyoya na vinundu, na kila kinundu ni mahali maji yatapitia. Kitambaa kilikuwa ghali kwa sababu ya kazi, hakikuwa ghali kwa sababu ya siri. Kila mtu alijua kinavyofanya kazi. Kukitengeneza ndiko kulikuwa mtihani.

Hapa Kitui na Makueni pamba imelimwa tangu enzi za mkoloni. Inapenda jua letu na haihitaji mvua nyingi. Mbegu iliyozoeleka upande huu wa mashariki ni HART 89M, wakati magharibi wanapanda KSA 81M. Ni pamba nzuri, ya nyuzi za wastani, inafaa shati, sare ya shule, shuka. Haitoshi kwa Ventile, tusidanganyane. Na hata ingetosha, njia kati ya shamba na kitambaa ilikatika kitambo. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa, bodi iliyokuwa inanunua pamba ikalegea, mitumba ikaingia kwa wingi, na viwanda vikubwa vya nguo vikaanguka kimoja baada ya kingine. KICOMI ya Kisumu ilifungwa. Rivatex ya Eldoret, iliyoanzishwa miaka ya 70, ikaishia mikononi mwa warasimu wa madeni kabla Chuo Kikuu cha Moi kuinunua mwaka 2007. Mkulima wa Mutomo au Kibwezi akabaki na gunia la pamba na bei ya kutukana.

Nimelitaja hilo kwa sababu viwanda vikifa havifi na mashine peke yake. Kuna mtu alikuwa anajua ukisokota asubuhi kukiwa na ukavu uzi unakatika, kwa hivyo lazima hewa ya chumba iongezwe unyevu. Huyo mtu alienda nyumbani, na alichojua akaenda nacho.

Tuendelee. 1969, mji wa Newark, jimbo la Delaware, Marekani. Bob Gore anafanya kazi kwenye kampuni ya baba yake, Bill Gore, aliyekuwa ametoka DuPont mwaka 1958 ili kufanya biashara na PTFE, ile plastiki tunayoijua kama Teflon, ya sufuria zisizoshika. Bob anataka kuivuta iwe nyembamba ili atumie plastiki kidogo. Anapasha moto vijiti vya PTFE, anavivuta polepole kwa uangalifu, vinakatika. Anabadilisha joto, vinakatika. Mwishowe akashikwa na hasira, akachukua kimoja kutoka kwenye tanuri na kukivuta kwa nguvu, paap. Kikavutika mara kadhaa ya urefu wake, na karibu hakikukonda. Mahali pa ile plastiki palikuwa pamejaa hewa.

Fikiria hiyo. Malighafi ile ile, joto lile lile, kasi tofauti. Ukivuta polepole inakatika, ukivuta ghafla inafunguka na kuwa utando wenye vitundu vidogo mno. Tone la maji ni kubwa sana kupita, lakini mvuke wa jasho unapita. Jaketi za kwanza za Gore-Tex zikaingia sokoni 1976.

Halafu kuna kipande ambacho wauzaji hawapendi kukisimulia. Kule New Zealand, mtu anaitwa John Cropper alikuwa tayari na mashine ya kuvuta PTFE kufikia mwaka 1966, miaka 3 kabla ya Bob. Yeye aliamua kuiweka siri. Gore waliandikisha hataza. Kesi ilipofika mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 1983, kati ya Gore na kampuni ya Garlock, uamuzi ulisema kwamba mtu anayefanya kitu kwa siri hawezi kumnyima hataza aliyekitangaza kwa umma. Kwa wale mnaotengeneza vitu vyenu chini ya maji mkiogopa kuibiwa, soma hiyo kesi mara mbili.

Na usidhani Gore-Tex ya kwanza ilikuwa fiti. Mafuta ya mwili na jasho yaliingia kwenye vile vitundu, na yakishaingia, maji nayo yanafuata. Watu walilipa pesa nyingi wakanyeshewa mlimani. Kampuni ikabidi iongeze ngozi nyembamba ya poliyurethani upande wa ndani, na ianze kuziba mishono kwa tepu. Hiyo tepu tutairudia, ishike.

Sasa njoo Kalundu siku ya soko. Mitumba. Unapata jaketi la mlima la jina kubwa kwa bei ya chakula cha mchana, unajiona umeokota dhahabu. Unaligeuza, ndani linabambuka kama ngozi ya mtu aliyechomwa na jua. Muuzaji anasema ni vumbi tu. Si vumbi. Ile ngozi ya ndani ya poliyurethani, aina nyingi zake, haipendi joto pamoja na unyevu. Maji yaliyo hewani, yakisaidiwa na joto, yanakata minyororo ya plastiki polepole, inaanza kunata, halafu inatoka vipande. Jaketi likiwa limekaa miaka kwenye kabati Ulaya, likafungwa ndani ya robota, likapita bandari ya Mombasa na joto lake, limepata kila kitu kinachoua poliyurethani. Ushauri wangu ni mfupi: nusa na ugeuze kabla hujatoa pesa. Likinata au likinuka uchachu, acha.

Lakini ubora wa ile ngozi unaamuliwa mapema zaidi, siku ilipopakwa. Njia moja ya kupata vitundu ni kupaka poliyurethani iliyoyeyushwa kwa kimiminika, halafu kukitumbukiza kitambaa ndani ya maji. Kile kimiminika kinatoka, maji yanaingia, na poliyurethani inaganda ikiwa na vitundu kama sponji. Joto la yale maji na ukali wa mchanganyiko ndivyo vinavyoamua ukubwa wa vitundu. Vikiwa vikubwa, maji yanapita. Vikiwa vichache, unavaa suti ya nduthi ya bei ghali.

Kuna pia ile dawa ya nje inayofanya matone yateleze. Inapakwa, halafu kitambaa kinapitishwa kwenye tanuri la zaidi ya nyuzi 150. Tanuri likiwa baridi, au kitambaa kikiwa bado na mabaki ya sabuni ya kiwandani, dawa haishiki, na inaondoka ukifua mara tatu. Kwa miaka mingi dawa hizo zilikuwa za familia ya kemikali za florini zisizooza. Mkataba wa Stockholm uliweka moja yao, PFOS, kwenye orodha mwaka 2009, PFOA ikafuata 2019. Kenya ni mwanachama. Kwa hivyo viwanda vingi sasa vinajifunza upya namna ya kupika dawa mbadala, na huo ni mlango kwa wanaoanza leo, kwa sababu hata wakubwa wamerudi darasani.

Nimezunguka Manchester na Delaware ili nifike Syongila.

Mwaka 2018, chini ya Gavana Charity Ngilu, Kitui ilipata KICOTEC, kiwanda cha kaunti cha kukata na kushona nguo. Sare za shule, sare za machifu, vitu kama hivyo. Watu walisema mengi, wengine wakacheka. Halafu tarehe 13 Machi 2020 serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya, na ghafla kila mtu alitaka barakoa. KICOTEC wakageuza mashine. Ndani ya wiki chache magazeti, hata ya nje, yalikuwa yanaandika kuhusu kiwanda cha Kitui chenye wafanyakazi mia kadhaa, wengi wao akina mama na wasichana wa hapa, kinachotoa barakoa za hospitali 30,000 kwa siku. Ile picha ya safu za cherehani, kila mtu amefunika uso na kichwa, ni kati ya picha chache za mwaka ule ambazo mtu wa Kitui aliziangalia akajisikia vizuri. Heshima yao, na sitaki mtu aniambie ati ilikuwa siasa tu.

Lakini barakoa ya hospitali ni nini? Ni kitambaa kisichopitisha maji kinachopumua, ndugu mdogo wa Gore-Tex. Ina tabaka 3. La nje linazuia matone, na maabara hulijaribu kwa kurushia damu bandia kwa shinikizo. La ndani linagusa ngozi. La katikati ndilo kichujio, na hilo halifumwi kabisa. Plastiki ya polipropilini inayeyushwa, inasukumwa kupitia matundu madogo, na hewa ya moto inaipuliza hadi inakuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Mbinu hiyo ilianzia kwenye maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani miaka ya 1950, walipotaka kunasa chembe za mionzi hewani. Baadaye Peter Tsai, mwanasayansi mzaliwa wa Taiwan aliyekuwa Chuo Kikuu cha Tennessee, akapata njia bora ya kuzitia nyuzi hizo chaji ya umeme, hataza yake ni ya 1995. Chaji inavuta vumbi na vijidudu kama vile puto ulilosugua kwenye nywele linavyovuta karatasi. Ndiyo maana kitambaa kinaweza kuwa wazi upumue, na bado kikamate.

Hapo tena ni hali za kiwandani. Hewa ikipoa kidogo, nyuzi zinakuwa nene. Kasi ikipungua, zinakuwa na mapengo. Chaji ikiwa dhaifu, una kitambaa kizuri cha kufungia keki. Na ukiiosha kwa sabuni, chaji inaondoka. Mnakumbuka 2020 tulivyozifua na sabuni ya unga na kuzianika kwenye kamba zikauke, tuzivae wiki nzima? Eeh.

Ule mwaka dunia haikukosa watu wa kushona. Ilikosa lile tabaka la katikati. Nchi zilifunga mipaka, bei ikaruka, na hata Marekani walimtoa Tsai kwenye kustaafu kwake aende kusaidia maabara ya Oak Ridge kubadilisha mitambo. Kiwanda cha kukata na kushona, kiwe Kitui au Italia, kilikuwa kinashona kile ambacho mwingine amekubali kukiuzia. Nawaza hivi: kama unanunua kitambaa na huna mashine ya kukipima, unaamini tu neno la muuzaji.

Na kupima si uchawi. Kipimo cha maji kinafanywa hivi: unabana kipande cha kitambaa, unaweka maji upande mmoja, unaongeza shinikizo hadi matone 3 yatokee upande wa pili. Unasoma ni sawa na nguzo ya maji ya milimita ngapi. Karibu 1,500 wengi wanaanza kuita kitambaa kisichopitisha maji. Jaketi la mlima linapita 10,000. Kipimo cha kupumua ni kikombe cha maji kilichofunikwa kwa kitambaa na mizani: gramu ngapi za mvuke zimetoka kwa saa 24. Mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha tatu anaweza kuelewa vyote viwili.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo linafanya nisikubaliane na watu wanaosema tunahitaji tu kununua utando ghali kutoka nje. Utando unaopumua unafanya kazi kwa sababu ndani ya jaketi kuna joto na unyevu kuliko nje. Tofauti ndiyo inasukuma mvuke utoke. Kule Scotland, nyuzi 6, tofauti ni kubwa. Kitui Novemba, mvua imenyesha, hewa imejaa unyevu, joto ni nyuzi 24. Tofauti ni ndogo. Mvuke hauna haraka ya kutoka. Jaketi la shilingi elfu 40 litakusaidia hapa, lakini si kama linavyomsaidia Mskoti. Lilitengenezwa kwa baridi ya mtu mwingine.

Kwa mtu wa nduthi wa Mwingi au Wote, njia ya kutoa jasho ni upepo. Matundu makubwa chini ya kwapa yaliyofunikwa. Mgongo wenye kipande kinachoning'inia na nafasi chini yake. Hiyo ni kazi ya fundi wa nguo, na mafundi tunao, wa kaunti na wa kando ya barabara. Kitambaa kinaweza kuwa cha kawaida tu, chenye kipimo kinachojulikana.

Inabaki ile tepu niliyowaambia mshike. Cherehani inatoboa. Mishono 3 kwa kila sentimita, mshono wa sentimita 60 una vitundu 180, na vyote ni vikubwa kuliko kitundu chochote cha utando. Ndiyo maana Gore walilazimika kuziba mishono, na ndiyo maana suti ya bei rahisi inavuja hata kama plastiki yake ni nzima. Tepu inabandikwa na mashine ya hewa moto: joto, mwendo na mkandamizo lazima vikae sawa. Stima ikiyumba katikati ya kazi, tepu inashika kwa macho tu, baada ya msimu mmoja inachomoka. Kwa hivyo kabla kaunti yoyote haijatangaza cherehani zingine 100, ningependa kusikia kuhusu mashine 2 za tepu, betri za kuzilinda stima ikipotea, na kile kifaa cha nguzo ya maji. Hiyo ni bajeti ndogo sana ukilinganisha.

Na nyinyi watu wa nduthi mnaosoma hapa, angalieni suti zenu leo kabla mvua haijaanza. Nabeti imeanza kuvujia katikati ya miguu, pale mishono 4 inakutana na maji yanatulia ukiwa umeketi. Niandikieni kama nimekosea.